Ruta Iliyofuata Maji

Ruta yetu, mashine ya kupokea na kugawa intaneti, ilikuwa kompyuta ya mezani isiyo na kifuniko, imekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kando ya kitanda cha bibi yangu. Niliiweka pale kwa sababu ndipo waya wa sola ulipoishia. Ilikuwa mashine nzee iliyokuwa inatupwa chuoni nilikosoma, nami niliibeba hadi Kisiwa cha Bwejuu nikiwa nimeifunga kwa shuka kama mgonjwa. Niliipakia Linux, kwanza kwa sababu isingeweza kubeba mfumo mwingine, na pili kwa sababu Linux haina siri. Ukitaka kujua inafanya nini unaiuliza, nayo inakujibu. Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama anasema neno langu la kwanza duniani lilikuwa "kwa nini", nami nimewahi kumuuliza ana ushahidi gani.

Kisiwani kwetu simu inashika kiasi cha kusikilizana na kutumiana ujumbe mfupi. Video haipiti. Kilindoni, ng'ambo ya maji, intaneti ipo ya kutosha, na rafiki yangu niliyesoma naye ana banda la kutengeneza simu pale sokoni. Alikubali nifunge antena yenye umbo la sahani juu ya paa lake na kuiunganisha na intaneti yake. Sahani ya pili niliifunga kwenye mlingoti wa mvinje nyuma ya nyumba yetu, nikazigeuza mpaka zikatazamana. Waya ulishuka kutoka mlingotini, ukapita dirishani, ukaingia kwenye ruta. Kati ya sahani na sahani hapakuwa na kitu ila hewa, na chini ya hewa, bahari.

Yote hayo niliyafanya kwa ajili ya mazungumzo ya mara moja tu. Bibi, mzaa mama, masikio yake yalikufa polepole uzeeni mpaka yakafa kabisa. Anasoma midomo. Ukikaa mbele yake ukasema taratibu, hukosi jibu, na mara nyingi jibu lina kisu ndani yake. Lakini simu kwake ni kipande cha plastiki. Mwanawe wa kiume, mjomba wangu anayeishi Maskati, hakuwa amezungumza naye kwa miaka. Salamu zilipita kwa mama: mjomba anamwambia mama kwenye simu, mama anageuka na kumwambia Bibi kwa midomo, na majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo.

Sasa mjomba alikuwa anakwenda kupasuliwa moyo. Kabla hajalazwa kwenye meza ya madaktari alitaka radhi ya mama yake, ili kama hataamka aondoke akiwa hana deni kwake. Bibi hakukataa. Alichokataa ni kuitoa kwa kupitia mtu.

"Ataniomba kwa kinywa chake nikione," alisema. "Nami nitamjibu kwa changu akione. Radhi si mzigo wa kupakiwa."

Kumvusha kwenda Kilindoni hakukuwezekana. Alikuwa amevunjika nyonga, na hata kumgeuza kitandani kulimtoa machozi. Nilijaribu njia ya mkato: mjomba alijirekodi, rafiki yangu akaniletea ile video kwenye simu, nikamwonyesha Bibi. Aliitazama mpaka mwisho, akamuuliza mwanawe kama anakula vizuri, akangoja.

"Mbona hajibu?"

"Amejirekodi, Bibi. Hakuoni."

"Basi hii ni picha, mume wangu. Picha haipewi radhi."

Ananiita mume wake tangu nizaliwe, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu. Nilicheka, nikaenda kupanda mlingoti.

Sikuwa na hakika kwamba radhi ni kitu. Niliwahi kumuuliza ustadhi wetu inakwendaje kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, inapita wapi, na yeye aliniambia nisome Kurani zaidi na niulize kidogo. Lakini nilimwona mama akipangusa uso kila alipokata simu ya Maskati, na hilo halikuhitaji hoja.

Siku ya kwanza intaneti ilikuja safi. Kisha ikakatika, ikarudi, ikakatika. Nilianza kutafuta hitilafu jinsi nilivyofundishwa, kwa kuanzia karibu na kwenda mbali. Ruta inajijibu yenyewe? Inajijibu. Inaifikia sahani iliyoko mlingotini petu? Inaifikia, saa yoyote. Inaifikia sahani ya Kilindoni? Hapo ndipo penye ugonjwa. Wakati mwingine ilijibu kama mtu aliyekaa jirani, wakati mwingine ilikuwa kama haikuwahi kuwepo.

Kuna amri fupi katika Linux iitwayo ping. Inatuma kipande kidogo cha habari kwa mashine nyingine, inangoja kijibiwe, kisha inatuma kingine, bila kuchoka wala kununa. Niliiagiza itoe mlio kila jibu linaporudi, nikaning'iniza spika ndogo dirishani ili niusikie hata nikiwa juu ya mlingoti. Tik, tik, tik. Kila mlio ulikuwa habari iliyokwenda Kilindoni na kurudi kabla hujapepesa jicho.

"Umetufugia mjusi?" mama aliuliza.

Jina likabaki. Asubuhi mama aliamka akasema mjusi wako mzima leo, au mjusi wako amenyamaza, kama mtu anayeulizia hali ya mtoto.

Nilimpigia rafiki yangu.

"Sahani yako imeyumba?"

"Sahani yangu? Tangu lini? Ilipokuwa inafanya kazi ilikuwa yako."

"Panda uitazame."

"Nimepanda. Nimemkuta kunguru kakaa juu yake. Nimemwambia mwenye sahani ana digrii, akaondoka kwa heshima."

Hata hivyo alikaza skrubu zote. Upande wangu nilikuta kutu ya chumvi kwenye kichwa cha waya, nikakikata na kufunga kipya. Nikabadili masafa ya redio. Tukazigeuzageuza sahani, yeye kule na mimi huku, tukipigiana kelele kwenye simu. Na mjusi akalia. Alilia mchana kutwa, na kesho yake, na siku zilizofuata, bila kukosa hata mlio mmoja niliousikiliza. Nilimweleza mama kwamba ni kutu tu. Nilieleza kwa kirefu. Mimi nisiyeamini mengi nilijiamini sana wiki ile.

Tukapanga siku na mjomba. Ilipofika, nilimwegemeza Bibi kwa mito, nikamwekea kompyuta ndogo mapajani. Uso wa mjomba ukatokea, mkubwa, na mvi asizozijua mama yake. Midomo yake ikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," Bibi alisema. "Umekonda. Hao hawakupikii?"

Mjomba akacheka, akafuta macho, akaanza kusema neno. Katikati ya neno picha ikaganda. Macho yake yalikuwa yamefumba nusu na kinywa kiko wazi. Dirishani spika ilikuwa kimya.

Bibi aliutazama uso ule. Akanishika mkono kwa nguvu nisizojua kama bado anazo.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. "Amenifia mbele ya macho."

Nilimwambia hapana, ni mtandao. Hakutazama midomo yangu. Alitazama ya mwanawe, ambayo haikusogea. Mama alipiga simu Maskati pale pale. Mjomba alikuwa mzima na anapiga kelele kuuliza kumetokea nini, lakini sauti hiyo ilikuwa na maana kwetu sisi wawili tu. Mama alipiga magoti mbele ya kitanda, akasema kwa midomo: yu hai, mama.

"Unaniambia hivyo nile chakula," Bibi alisema, akageukia ukutani.

Ikawa sasa si radhi peke yake inayosubiri. Ndani ya nyumba kulikuwa na mzazi asiyejua kama mwanawe yu hai, na sisi hatukuwa na njia ya kumthibitishia, maana kioo hakutaka tena kukitazama.

Nilikagua tena kila kitu, safari hii kwa hasira. Kichwa cha waya kilikuwa kipya na kikavu. Betri ilikuwa imejaa. Ruta ilijibu kila nilichoiuliza, kwa utulivu ulionitia kichaa, kwamba upande wake hakuna kosa. Na mjusi alinyamaza na kulia, alinyamaza na kulia.

"Mtandao wako na mwani wangu haviivani," mama aliniambia tulipokuwa tunashuka pwani. "Mimi nikiwa na kazi, wewe unakesha mlingotini. Nikiwa sina kazi, umekaa unajisifu."

Alisema kwa utani, nami niliuchukua hivyo. Mama analima mwani, na kazi ya mwani inakuja na bamvua, siku maji yanapotoka mbali sana na kujaa sana. Maji mafu yakiingia, yanapojaa kidogo na kutoka kidogo, wakulima wanapumzika. Siku hiyo nilikwenda kumsaidia kupachika mbegu kwenye kamba. Anafanya kazi hiyo juu pwani, kati ya vigingi viwili anavyofungia ncha za kamba. Maji yalikuwa yanajaa. Dirisha la Bibi lilikuwa nyuma yetu na mjusi alilia vizuri.

Maji yakagusa shina la kigingi cha chini. Mlio ukaanza kupepesuka, ukaruka mmoja, ukaruka kadhaa, ukakoma. Nilitukana chini chini, nikaendelea kufunga mbegu. Maji yakapanda kigingi, kiasi cha kiganja. Mjusi akalia tena.

Kesho yake nilikuwa pale pale, safari hii baadaye kidogo, kwa sababu maji nayo kila siku huchelewa. Yakagusa shina la kigingi. Mjusi akanyamaza. Yakapanda kiganja. Akalia.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kukataa. Mtu akitaka kuona jambo ataliona, na mimi nilitaka sana kuona kitu chochote. Kwa hiyo nilimwomba mama akae na kigingi, mimi nikakaa ndani nimelipa dirisha mgongo, nisiyaone maji. Asubuhi iliyofuata, yalipoanza kutoka, tulijaribu.

"Sasa!" niliita mjusi aliponyamaza.

"Yapo kiganjani!" mama alijibu kutoka pwani.

Nikangoja. Mjusi akaanza kulia.

"Na sasa?"

"Yameachia shina. Nimalize mwani wangu au bado kuna mtihani?"

Nilikwenda nikasimama kando ya kile kigingi. Kilikuwa mkoko mkavu tu, na alama nyeupe za chumvi. Nilifahamu kilichokuwa kinatokea, nilikisoma chuoni kwenye ukurasa ambao sikuutazama mara ya pili. Mawimbi ya redio yanayotoka Kilindoni hayaji kwa njia moja. Mengine yanakuja moja kwa moja hewani, na mengine yanashuka, yanapiga uso wa bahari na kuruka juu mpaka kwenye sahani yetu, kama jua linavyoruka majini na kukuchoma macho. Yote yanafika, ila yale ya majini yamezunguka kidogo zaidi. Fikiria wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Wakipokezana vizuri, nafaka inasagika. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana hewani na hakuna kinachofika kinuni. Bahari ikiwa chini, njia zote mbili zinapatana. Ikipanda na kufikia shina la kigingi cha mama, yale mawimbi ya majini yanafika kwa kuchelewa kule kubaya, na kila moja linaua jingine. Ikipanda zaidi, yanapatana tena.

Na ule ushindi wangu wa kutu ulikuwa maji mafu. Maji hayakuwa yamekifikia kigingi wiki nzima.

Nilikaa kwenye mchanga. Nilikuwa nimeitafuta hitilafu kwenye skrubu, na ilikuwa kwenye mwezi. Mwezi ulivuta bahari yote hii, kutoka hapa mpaka Maskati kwa mjomba mwenyewe, ukaiinua kiganja kimoja juu ya kigingi, na kompyuta iliyotupwa ikakosa pumzi juu ya kinu cha bibi yangu. Kila sehemu ya jambo hilo nilikuwa naijua. Naijua bamvua tangu natambaa. Nayajua mawimbi, nimeyafanyia mtihani nikafaulu. Lakini sikuwa nimewahi kuyaona yakigusana, na yalipogusana mbele yangu nilihisi ubaridi mikononi chini ya jua kali. Kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Mama alikuja akasimama karibu.

"Umeumwa na nini?"

"Hakuna, mama. Natazama maji."

"Maji ya kila siku hayo," alisema, lakini akakaa.

Kuhamisha sahani kungehamisha tu ile alama kutoka kigingini kwenda mahali pengine nisipopajua, na siku hazikuwepo. Mjomba alikuwa anapasuliwa kesho yake asubuhi. Niliamua tusishindane na bahari. Nilimpigia.

"Shikamoo, mjomba. Tutaongea leo baada ya adhuhuri, maji yakiwa bado chini. Yakifika kigingini picha itasimama. Usikate. Ngoja yapande, itarudi."



"Marahaba," alisema. "Unajua, tangu nije huku hakuna mtu aliyeniambia ningoje maji."

Nilimkalia Bibi mbele, nikamwambia taratibu: picha ikisimama, si kufa. Ni bahari imekaa katikati. Nilitarajia anicheke. Akaniuliza tu ni maji ya kujaa au ya kutoka. Ya kujaa, nikasema. Akaitikia kwa kichwa, akaomba afungwe leso mpya.

Adhuhuri ilipita na mjomba hakupatikana. Wauguzi walikuwa wamempeleka kupimwa. Mama alishuka kigingini, tukakubaliana anyanyue kanga yake juu maji yatakapokaribia. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama na maji yakimsogelea. Uso wa mjomba ulipotokea, kanga ilikuwa tayari begani mwake.

Bibi alimwona akisogea. Alimtazama mdomo, macho, mdomo tena.

"Kumbe u hai," alisema.

"Nipo, mama."

"Basi sema ulilokuja kusema."

Mjomba akaanza, akalia. Midomo ikamtetemeka.

"Usilie, sikuoni maneno," Bibi alisema. "Futa uso. Anza upya."

Pale pwani kanga ilinyanyuka. Nilitaka kumwambia mjomba afanye haraka, nikanyamaza. Alifuta uso kwa shuka la hospitali, akavuta pumzi, akasema kwa midomo mipana, kama watoto wanavyosomeshwa: Mama, naomba radhi yako. Nilipokukosea, nisamehe.

Bibi alinyoosha kidole mpaka kikagusa kioo.

"Nimekuwia radhi, mwanangu," alisema, "ya duniani na ya akhera."

Sikujua alikuwa amefika neno gani mjusi aliponyamaza. Uso wa mjomba ulikuwa umesimama, macho wazi, ukingoja.

Bibi aliegemea mito yake kama mtu aliyemaliza kazi.

"Maji," aliniambia, akionyesha ile picha.

"Ndiyo, Bibi. Lakini huenda hakusikia."

"Nimeshasema. Mungu amesikia."

Nilikaa chini kando ya kinu. Ruta iliendelea kutuma. Sikuwa na la kuirekebisha, haikuwa imeharibika. Ilituma kipande, ikangoja, haikujibiwa, ikatuma kingine kwenye hewa ile ile iliyokuwa inajiua yenyewe, na mahali fulani kati ya Bwejuu na Kilindoni maneno ya Bibi yalikuwa yamekwenda au hayakwenda. Nikakumbuka swali langu kwa ustadhi, inapita wapi. Dirishani mama alikuwa bado amesimama, kanga juu, maji yakipanda kigingi polepole, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuyaharakisha.

Tik.

Kisha kimya. Kisha tik, tik.

Mjomba hakuwa amekata. Alikuwa ameinamia simu yake karibu sana, tukaona jicho moja na paji la uso.

"Mama, sikusikia mwisho. Umesema nini?"

Bibi alinigeukia.

"Ngoja nimwambie tena," alisema. "Maana yeye si Mungu."

Akasema tena, yote, tangu mwanzo, na akaongeza ya babu, na ya mashangazi waliokufa, kwamba wote wamemwia radhi na yeye ndiye shahidi wao. Mjomba alijibu amina kwa kila mmoja. Kisha akaulizwa anakula nini kule hospitalini, na hapo wakabishana mpaka wauguzi walipokuja kuchukua simu.

Siku iliyofuata tulikaa na simu ya mama katikati yetu, tukingoja. Bibi hakuitazama. Alitazama midomo yetu, ambayo haikuwa na la kusema. Jua lilikuwa limeegemea upande wa magharibi simu ilipotetemeka. Ulikuwa ujumbe mfupi kutoka namba ya mjomba, wenye makosa ya vidole vilivyolegea kwa dawa. Mama aliusoma, akaanza kucheka huku analia, akageuka kumwambia Bibi kwa midomo, taratibu, jinsi ulivyoandikwa:

"Maji yako wapi?"